Bi Hebu na Ukuta Mkavu Siku za Mvua

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kabla hujaketi sawasawa, hebu kitazame kwanza hicho kiti unachotaka kukikalia. Miguu iko minne? Umehesabu, au umedhani tu? Haya, sasa kaa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwakaribisha wageni nyumbani kwake mwanamke tunayemkumbuka leo, na mgeni aliyecheka alihesabishwa upya.

Mwanamke huyo ni Bi Hebu. Alikuwa dobi. Narudia kwa mliochelewa kufungua redio: tunamkumbuka Bi Hebu, dobi, aliyefariki Jumanne iliyopita kitandani mwake, akiwa na miaka sabini na minane. Jina lake la kwenye cheti walilijua watu wawili, yeye na karani aliyekiandika, na hata huyo karani, Bi Hebu alimshuku mpaka mwisho. Sisi wengine tulimwita Bi Hebu kwa sababu kila alilosema lilianzia hapo. Hebu ngoja. Hebu nione. Hebu rudia hapo uliposema.

Kaka yake mkubwa ana miaka themanini na mitano na bado anaendesha baiskeli. Ameniambia kwamba dada yake alipozaliwa, kabla hajalia, alimtazama mkunga mikononi kuona kama amenawa. Mimi nimelipokea kama nilivyopewa.

"Usinicheke," kaka mtu akasema. "Nilikuwepo mlangoni. Alikunja uso kwanza. Ndipo akalia."

Udobi ulimkaa vizuri. Dobi ni mtu anayeletewa siri za watu zimekunjwa kwenye mfuko. Bi Hebu alikuwa akiishika kola ya shati, anaigeuza, anainusa, halafu anakuambia umeshinda wapi, umekula nini, na kwa nini hukumaliza. Wapo wanaume waliokuwa wakifua shati nyumbani kwanza ndipo wampelekee. Mumewe, marehemu fundi saa, aliulizwa anaishije na mwanamke wa namna hiyo. Akajibu: "Mke wangu hanishuku mimi. Analishuku shati langu. Mimi na yeye hatuna ugomvi."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nataka muuone mtaa. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha kwanza katika safu ya vyumba vitano vilivyopangana chini ya kilima. Cha kwanza, dobi. Cha pili, mwokaji mikate. Cha tatu, kinyozi. Cha nne, fundi cherehani. Cha tano, kile kikubwa, kilikuwa chekechea, na mwalimu wake alikuwa binti wa Bi Hebu mwenyewe, mtoto wake wa pekee. Na nyuma ya vyumba vyote vitano, umbali wa hatua nne tu, ulisimama ukuta.

Ukuta huo ulikuwa wa mawe. Ulikuwa mrefu kuliko paa, na kazi yake ilikuwa moja: kukishika kilima kisishuke. Chini chini, kila baada ya hatua mbili, ulikuwa na tundu la upana wa kikombe. Mvua ikinyesha, maji yaliyoingia ardhini huko juu yalitokea kwenye matundu hayo, ya rangi ya chai, yakaenda zake kwenye mfereji. Watoto wa chekechea walisema ukuta unakojoa. Walikuwa wakikimbia kuutazama na kuucheka.

Shikeni hapo. Ukuta. Matundu. Maji yanaingia juu, yanatoka chini.

Niseme na hili, maana marehemu hakupenda kusifiwa kwa uongo. Bi Hebu alikuwa na sifa mbaya ya kushtua watu bure. Siku moja alinusa kitu, akapiga kelele ya gesi, akawatoa watu wote wa vyumba vitano mpaka barabarani. Kinyozi alitoka na wembe, mteja akatoka na nusu ya ndevu. Walipotafuta mtungi unaovuja, hawakuupata. Kilichopatikana ni yai moja bovu kwenye trei za mwokaji. Yai moja! Kuanzia siku hiyo mwokaji, ambaye alikuwa mtu wa mizaha kuliko mikate, kila akimwona Bi Hebu anakuja mbio aliuliza:

"Leo ni gesi, dada, au ni yai?"

Naye alikuwa akijibu: "Cheka. Siku ya gesi utacheka kwa pua gani?"

Miaka kumi na tisa iliyopita, binti yake Bi Hebu aliletewa habari kwamba chekechea yake itakaguliwa. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, amehangaika na shule hiyo kwa mikono yake, na kibali kilikuwa bado. Akamleta fundi wa kupaka rangi. Ule ukuta wa mawe ukapigwa lipu upande wa chekechea mpaka kwa dobi, ukapakwa rangi ya buluu, ukachorwa samaki, kinyonga, na twiga mrefu ambaye kichwa chake kilifika juu kabisa. Ulipendeza mno. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kupigia picha harusi zao mbele ya yule twiga.

Wakaguzi wakaja, wakasifu, kibali kikatoka. Halafu zikaja mvua.

Siku ya kwanza ilinyesha tangu alfajiri, na saa nane mchana ilikuwa bado. Bi Hebu alitoka nyuma kuanua mashuka yaliyokuwa chini ya paa, akasimama. Akaukazia macho ukuta. Ulikuwa mkavu chini kote, msafi, buluu inang'aa. Hakuna hata tone kwenye mfereji.

Kinyozi alikuwa amesimama naye nyuma, anafurahi. "Bi Hebu, umeona maendeleo? Mwaka huu hakuna matope, hakuna mbu. Ukuta mkavu kama unga!"

"Nimeona," Bi Hebu akasema. "Ndicho kinachonikera."

"Ukuta ukilowa, nongwa. Ukikauka, nongwa."

"Hebu niambie wewe. Maji yaliyonyesha tangu alfajiri yako wapi?"

Kinyozi akatazama juu, akatazama chini. "Yamekwenda," akasema, akarudi kwa mteja wake.

Yamekwenda. Wasikilizaji wapendwa, Bi Hebu alilitafuna neno hilo jioni yote. Alipanda kilima kwa miguu akiwa na miaka hamsini na tisa, mwavuli mkononi, akakagua barabara ya juu. Maji yalikuwa yanaingia kwenye udongo kama kawaida. Akashuka. Chini hayatoki. Yameingia na hayajatoka. Yuko dobi gani asiyejua kwamba nguo iliyokunywa maji isipokamuliwa, inakata kamba?

Siku ya pili, bado inanyesha, akamsaka yule mpaka rangi. Alimkuta amejikinga chini ya banda la mbao, anasafisha brashi kwa mafuta ya taa. Maneno waliyosemezana nimeyapata kwa fundi cherehani, ambaye alikuwa amejikinga hapo hapo.

"Fundi, matundu ya ukuta yako wapi?"

"Nimeyaziba, mama. Matambara na magazeti ndani, saruji juu, rangi. Hutayaona hata kwa tochi."

"Nani kakwambia uzibe?"

"Mama, yalikuwa yanachafua kazi. Ukuta mkavu ni ukuta mzima."

"Mtu akinywa maji siku mbili asiende haja ndogo, utasema amepona?"

"Ukuta si mtu, mama."

"Ndiyo maana hauwezi kukuambia unaumwa. Nimekuuliza, nani kakwambia?"

Hapo, fundi cherehani anasema, mpaka rangi aliinama sikioni kwa Bi Hebu, akanong'ona. Fundi cherehani hakusikia. Aliona tu uso wa Bi Hebu ukibadilika, na mwavuli ukishuka mpaka mvua ikamlowesha kichwa.

Kumbukeni hapo. Alijibiwa. Yeye peke yake ndiye aliyesikia.

Alirudi, akafanya jambo ambalo mtu mwingine asingelifikiria. Alichukua kamba yake ndefu ya kuanikia. Akapigilia msumari mwanzo wa ukuta, akapigilia mwingine mwisho wake, akaivuta kamba kati yake mpaka ikalia kama zeze. Halafu akachukua kibanio cha nguo, kile cha mbao, akakipitisha kati ya kamba na ukuta, kutoka chumba cha kwanza hadi cha tano. Kilipita kote. Jioni akakipitisha tena. Kikafika kwenye tumbo la twiga, kikakwama.

Ukuta ulikuwa umetoa tumbo, umeisogelea kamba.

Akapiga simu ofisi ya majengo. Alipokea kijana mwenye sauti ya usingizi.

"Umeona ufa, mama?"

"Sijaona ufa. Nimeona kibanio kimekwama."

"Kibanio cha nini?"

"Cha nguo."

Akapiga miayo. Kisha: "Basi mama, ukiona ufa, tupigie."

"Nikiona ufa nitapiga kwa mkono upi, ulio nje ya kifusi au ulio ndani?" Lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Akamwendea binti yake. Haya maneno nimepewa na binti mwenyewe, kwa kinywa chake, na amesema niyatoe yote. Alikuwa anapanga vikombe vya watoto.

"Mwanangu, hebu njoo uione kamba."

"Mama, nina kazi."

"Ukuta umetoa tumbo."

"Kamba ikilowa inavuta, mama. Inasogea. Wewe ni dobi, unajua."

"Kamba ya katani inavuta. Hii ni ya nailoni. Haivuti hata uiloweshe mwaka."

Binti aliweka vikombe chini. "Mama, nimeishi na hebu zako miaka thelathini na mitatu. Ulimshuku daktari wangu. Ulimshuku mwenye nyumba. Ulimshuku hata mchumba wangu."

"Na mchumba wako nilikosea?"

Mchumba yule alikuwa ameshaondoka na kitanda.

"Ninachotaka," binti akasema, "ni kitu kimoja kizuri nilichofanya mimi, usikinuse. Kimoja tu."

Bi Hebu alikuwa na neno mdomoni. Binti anasema aliliona. Mdomo ulifunguka, ukafungwa. Akageuka, akaenda zake.

Siku ya tatu. Jumatano. Saa nne na nusu asubuhi. Mvua haijakatika. Bi Hebu alisukuma mlango wa nyuma wa chumba chake, ukagoma. Fremu ilikuwa imepinda. Alizunguka kwa nje, akaenda kwenye kamba. Kibanio hakikuhitajika tena. Kamba yenyewe ilikuwa imeulalia ukuta, imepinda kama upinde, na tumbo la twiga limeisukuma mbele.

Alifika kwa mwokaji, akipumua kwa shida. "Tokeni! Ukuta unakuja!"

Mwokaji alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. "Leo ni gesi, dada, au ni yai?"

Kinyozi akacheka. Fundi cherehani akacheka na pini mdomoni. Hakuna aliyetoka.

Watu thelathini na wanane walikuwa ndani ya vyumba vile. Thelathini na mmoja kati yao walikuwa watoto wa chekechea.

Bi Hebu alisimama kwenye baraza la chekechea. Akajua akiingia kusema, atabishana na binti yake mpaka ukuta uwaangukie wote. Akatazama chini. Mlangoni palikuwa na viatu vya watoto, vimepangwa jozi kwa jozi, maana walikuwa wakiingia miguu mitupu. Aliweka kapu lake kubwa la nguo chini. Akazoa viatu vyote. Jozi thelathini na moja. Vyekundu, vya mvua, vya kurithi, kimoja kisicho na kamba. Akajitwisha kapu, akapiga kelele kwa sauti ya kuuza:

"Viatu ninaondoka navyo! Viatu ninaondoka navyo!"

Mtoto mmoja akachungulia. "Mwalimu! Bibi kaiba viatu vyetu!"

Wasikilizaji wapendwa, mmewahi kuona watoto thelathini na mmoja wakidai viatu? Walitoka kama nyuki. Mwizi naye anakimbia, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, kapu kichwani, mvua usoni, anavuka barabara kuelekea ukumbi wa mikutano ulio ng'ambo. Kaka yake anaapa kwamba siku hiyo dada yake alipitwa na pikipiki, kisha yeye akaipita pikipiki. Nyuma ya watoto akatoka mwalimu, analia kwa hasira.

"Mama! Mama, umerukwa na akili? Unanidhalilisha mbele ya mtaa mzima!"

"Nifuate unipige!"

"Rudisha viatu!"

"Nifuate!"

Na hapa ndipo binadamu alipo. Kuambiwa ukuta unakuja, hakuna aliyetoka. Kusikia mama na binti wanagombana barabarani kwenye mvua, walitoka wote. Kinyozi na wateja wake, fundi cherehani na sindano yake, mwokaji na unga wake. Walivuka barabara ili wasikie vizuri. Walijipanga chini ya paa la ukumbi, wameshika viuno, wanafurahia sinema ya bure.

Bi Hebu alianza kuhesabu vichwa. Alifika thelathini na nane. Wote. Narudia, wote walikuwa nje.

Ndipo mwokaji akanusa. "Mikate yangu!" Ilikuwa inaungua. Akaruka barabara.

"Iache!" Bi Hebu akapiga ukelele. "Hebu iache, kaka, iache!"

"Dakika moja, dada!"

Haikufika dakika. Wanasema kwanza ilisikika sauti kama mtu mkubwa anayekohoa. Yule twiga aliinama, polepole, kama anakunywa maji. Kisha kilima kikashuka chote, mawe, tope, mti mzima na mizizi yake, kikaingia vyumbani kwa nyuma na kutokea kwa mbele. Vyumba vitano havikuwepo tena.

Mwokaji walimtoa baada ya saa mbili, kwa mikono na masufuria. Alikuwa hai, chini ya meza yake ya kukandia unga. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti siku ileile. Watoto thelathini na mmoja wote walikuwa wazima. Narudia: thelathini na mmoja, wazima, kila mmoja na viatu vyake.

Tume iliundwa. Ilikaa kwenye ukumbi ule ule. Bi Hebu aliitwa, akaeleza kamba, akaeleza kibanio, na mwenyekiti wa tume alivutiwa mno. Akauliza:

"Mama, nini kilikushtua tangu mwanzo?"

Kinyozi alikuwepo. Ananiambia Bi Hebu alitazama safu ya tatu, alipokaa binti yake, mikono imebanwa kati ya magoti.

"Mlango wangu ulikuwa unakwama," akasema.

Ni kweli, mlango ulikwama. Lakini ulikwama siku ya tatu, na yeye alishtuka siku ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Mpaka rangi alikuwa ameshahama na hakuacha anwani. Saruji ile ilikuwa imesagika pamoja na mawe. Tume ikaandika kwamba chanzo ni mvua kubwa isiyo ya kawaida, janga la asili, hakuna wa kulaumiwa. Ripoti ikapigwa mhuri. Watu wakasema mvua, mvua, mvua.

Mimi nilikuwa mtangazaji kijana wa miaka hamsini wakati huo, na niliisoma ripoti hiyo kwenye redio hii hii. Nakiri kwamba sikuishuku hata kidogo. Sauti yangu ilikuwa nzuri sana siku hiyo.

Bi Hebu alihamia chumba kingine, akaendelea na udobi. Lakini watu walianza kumwona na tabia mpya. Alichukua kiango cha nguo cha waya, akakinyoosha, akawa anatembea nacho. Kila penye ukuta wa kushika kilima, anachokoa matundu. Nyuma ya zahanati. Nyuma ya soko. Nyuma ya nyumba za wakubwa, ambako mlinzi alimkamata akidhani ni mwizi, akamfungia kibandani, naye akatumia muda huo kukagua kibanda na kumwonyesha mlinzi nyaya tatu zilizo uchi. Alitoa kwenye matundu soksi, viota, chupa, magazeti ya miaka iliyopita. Alisema alitoa na meno bandia, na mwenye meno alijitokeza kuyadai. Watu walimcheka. Miaka kumi na tisa ya kucheka. Na kila Ijumaa, mvua au jua, alimpelekea mwokaji mashati yake yamefuliwa na kupigwa pasi, bila kuombwa na bila kupokea chochote.

Kwa binti yake hakulisema lile neno. Binti ananiambia: "Nilikuwa nasubiri aniulize. Kila siku. Akiwa anapiga pasi, akiwa anakula, akiwa mgonjwa. Mtu aliyeniuliza maji ya kunywa nimeyachota wapi, hakuniuliza hilo hata mara moja. Alikufa nikiwa nimemshika mkono, na bado hakuniuliza."

Kwa sababu mtu aliyemwambia mpaka rangi azibe matundu, wasikilizaji wapendwa, alikuwa ni yeye. Binti. Mwalimu wa chekechea. Maji yale ya rangi ya chai yangemchafua twiga miguuni, na wakaguzi walikuwa wanakuja. Akasema: ziba. Neno moja, bila nia mbaya hata chembe. Narudia: ukuta haukuangushwa na mvua peke yake. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo. Lakini ukuta ule ulikuwa umestahimili mvua kubwa miaka arobaini, ukizitoa kwa matundu yake. Maji yalipokosa njia, yalikaa nyuma yake, yakazidi kuwa mazito, yakausukuma.

Alhamisi, siku ya pili baada ya mama yake kufariki, binti alikwenda kwa mwokaji. Bado anaoka, akiwa amekaa kwenye kiti kirefu. Akamweleza yote, amesimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

Mwokaji alikanda unga mpaka donge likaisha kukandwa, kisha akalikanda tena.

"Mwalimu," akasema, "mama yako nikimpa mkate wa moto, aliugeuza chini juu kabla ya kuumega. Mtu wa namna hiyo anipigie mashati pasi miaka kumi na tisa, nikiuliza kwa nini ananiambia hebu nyamaza? Nilijua ipo siri. Nilichokuwa sijui ni ya nani."

"Una hasira na mimi, kaka?"

"Ninayo. Miaka yote nimekuwa nikiikasirikia mvua, na mvua haijibu." Akafuta mikono. "Wewe angalau umekuja. Ingia ndani, unalowa."

Kisha akamwambia aje hapa. Alimwambia: "Kaseme redioni. Mguu wangu hautaota. Lakini yupo mwalimu mwingine mahali, anataka ukuta wake upendeze."

Jana alikuja, akakaa kwenye kiti hiki kinachonitazama. Nikamwambia, Mwalimu, tunaweza kusema "mtu fulani". Tunaweza kusema "ilidaiwa". Sisi watangazaji tuna maneno mengi ya kufunikia. Akakataa.

"Sema ni mimi," akasema. "Mama alimshuku kila mtu hapa duniani, akalazimika kunyamaza kwa ajili yangu. Ilimgharimu. Alikuwa anazunguka na ule waya akisema kwa mkono alichoshindwa kusema kwa mdomo. Mimi mdomo ninao."

Basi nimesema.

Kwa niaba ya kituo hiki, natoa pole kwa Mwalimu, kwa kaka mtu na baiskeli yake, kwa mwokaji, na kwa wale watoto thelathini na mmoja ambao leo ni watu wazima, na wengine wao wana watoto wao chekechea. Mwenyezi Mungu amlaze Bi Hebu mahali pema, na awape wote waliobaki moyo wa subira.

Na wewe unayenisikiliza. Sitakuomba ukashike waya ukachokoe kuta, ingawa ukienda sitakuzuia. Nakuomba kitu kigumu zaidi. Katika nyumba yako, ofisi yako, shule yako, kipo kitu kilichozibwa, kilichofungwa, kilichokatwa au kufunikwa ili papendeze. Mlango wa dharura uliowekewa kabati. Mfereji uliojengewa juu. Na yupo mtu mmoja anayejua nani alisema pafanywe hivyo. Huenda mtu huyo anakupenda, na ndiyo maana amenyamaza.

Usimwachie mzigo huo. Kama ni wewe uliyesema ziba, simama useme: ni mimi, tuzibue. Watabiri wa hali ya hewa wametuambia mvua zitaanza baada ya wiki tatu. Wiki tatu zinatosha sana mtu kufungua mdomo.